Winchi Iliyonizungusha Mlima

Shilingi elfu tatu na mia mbili, jogoo mmoja, na salamu kati ya Mzee Nderitu na shemeji yake Nyambura. Hiyo ndiyo gharama yote. Nimeihesabu mara mbili, na mara ya pili ilizidi kwa sababu nilikumbuka chai.

Naandika kwa sababu kila nikikutana na mmoja wenu naulizwa lile lile: "Ati ulienda kununua kamba ya gari ukazunguka mlima mzima?" Kwanza, si kamba. Winchi ni mota ya umeme inayofungwa mbele ya gari, na ubavuni ina ngoma ya chuma iliyozungushiwa waya wenye ndoano. Ukikwama, unavuta waya, unafunga ndoano kwenye kitu kisichotikisika, unabonyeza swichi, na gari linajivuta lenyewe kutoka kwenye tope kama mzee anayeinuka kwa mkongojo. Betri ya gari ndiyo inayolisha mota. Pili, mlima niliuzunguka kwa hiari yangu, kwa sababu huwa sinunui kitu kabla sijajua kinauzwa bei gani kwingine.

Shida yangu mnaijua. Landrova yangu ndiyo inayobeba maziwa ya kikundi cha akina mama kutoka kwetu mteremkoni, Mukurweini, hadi kwenye mitambo ya kupoza. Mvua zilizopita, mpando ule wa kwa Nderitu ulinishika mpaka maziwa yakaganda kwenye makopo. Kikundi kikakutana, kikaomba Mungu, kisha kikaniambia ukweli: yakiganda tena mvua hizi, kazi inaenda kwa yule jamaa mwenye trekta. Nikawaambia trekta litayatikisa maziwa yafike yakiwa siagi. Wakasema siagi pia inauzika.

Ndiyo maana nilihitaji winchi, ya bei ya mtu mdogo, na kabla mawingu hayajafunga.

Mukurweini hadi Ruring'u

Nusu ya pesa ilikuwa yangu na nusu ya kikundi, kwa hivyo kikundi kilituma jicho. Jicho hilo ni Mama Wangeci, mweka hazina, mwanamke ambaye akikupa chenji anakuangalia mpaka uitie mfukoni. Alipanda na kiondo. Ndani ya kiondo mlikuwa na pesa, na juu ya pesa alikaa jogoo mwekundu aliyefungwa miguu.

"Huyo ni askari?" nikamuuliza.

"Huyu ni wa Wangeci," akasema. Wangeci ni binti yake aliyeolewa Embu. "Tukipitia huko nitampelekea."

"Nani amesema tutafika Embu? Tunaenda Ruring'u hapa."

"Baba Muthoni, mimi nakujua. Wewe ukienda kununua kiberiti unarudi jioni."

Duka la vipuri la Ruring'u lilikuwa wazi lakini halina mtu. Mwenye duka alikuwa uwanjani, mpira unachezwa. Tukamfuata huko. Nilipomwambia nataka winchi, aliinua kidole bila kugeuza shingo. Timu yake ilikuwa nyuma bao moja, na muuzaji ambaye timu yake inashindwa hapunguzi bei, kwa hivyo nikakaa nikaishangilia timu ambayo hata jina sikulijua. Mama Wangeci akanunua njugu, akanihesabia zangu.

Walisawazisha. Tukarudi dukani tukiwa marafiki. Winchi yenyewe ilikuwa mpya, nyekundu, inang'aa kama kiatu cha Krismasi. Elfu nne na mia tano. Niliishika kwa mkono mmoja nikaiinua. Hapo nikaanza kuitilia shaka, kwa sababu kitu cha kuvuta gari lenye maziwa hakifai kuinuliwa na mtu aliyekunywa chai kavu.

"Hii kazi yake ni gani hasa?" nikauliza.

"Ni ya kuvuta."

"Kuvuta nini?"

Akageuza sanduku. Kulikuwa na picha. Mama Wangeci akainama, akaitazama, akaniita karibu. "Baba Muthoni, hii ni mashua."

Ni kweli. Ilikuwa ya kuvuta mashua ndogo kutoka majini kuipandisha kwenye trela. Nikamuuliza muuzaji amewahi kuona mashua ngapi hapa Nyeri. Akasema gari na mashua vyote ni vyombo vya safari. Jibu zuri, nitalitumia siku moja, lakini sikununua. Ila alinipa habari ya bure: Nanyuki kuna bwana anauza winchi kubwa, kuukuu, kwa nusu ya bei hiyo.

Mama Wangeci alimtazama jogoo wake, halafu akanitazama mimi. Tayari alikuwa ameshinda.

Ruring'u hadi Nanyuki

Asubuhi ile mlima ulikuwa wazi, theluji yote nje kama mtu aliyetabasamu mpaka ufizi. Tuliuweka mkono wa kulia, na mkono wa kulia ndiko ulikobaki mpaka tuliporudi nyumbani. Landrova ilikuwa na furaha. Mimi pia. Sijui kama mmewahi kwenda kununua kitu ambacho mmekiwaza msimu mzima: hata mashimo ya barabara yanakuwa mazuri.

Nanyuki tulikula kwanza, chapati na maharagwe, kwa sababu njaa ni rafiki wa muuzaji. Yule bwana tulimkuta nyuma ya karakana yake, kofia ya sufu kichwani, anapiga mswaki adhuhuri. Winchi yake ilikuwa dude. Watu wawili hawakuiinua. Rangi imetoka, lakini ngoma nene, waya mnene, ndoano kama ya bucha. Elfu mbili tu. Moyo wangu ulipiga mpaka nikakohoa kuuficha.

"Inafanya?" nikauliza, sauti ya mtu asiyejali.

"Inafanya! Ngoja uone."

Akaunganisha nyaya, akabonyeza, na ngoma ikazunguka kwa mngurumo uliomfanya jogoo awike ndani ya kiondo. Waya ukavuta kipande cha injini uani kama mtoto anavuta gari la mabati. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema elfu moja na mia tano. Lakini mnanijua, kabla ya kusema bei huwa nahesabu kila kitu kilicho mbele yangu, halafu nahesabu tena. Winchi moja. Ndoano moja. Swichi moja. Betri mbili.

Nikahesabu tena. Betri mbili.

"Mbili za nini?"

"Ni za kusaidiana," akasema.

"Toa moja."

"Ya nini kutoa, bwana, na umeona inafanya?"

"Landrova yangu iko na betri moja. Haina mke wa pili."

Akatoa moja, uso umemwanguka. Akabonyeza. Ngoma ikajaribu, ikaguna, ikazunguka polepole kama mtu anayeamshwa kwenda kuchota maji. Ilikuwa winchi ya lori, ya volti ishirini na nne. Gari langu ni kumi na mbili. Ningefika nayo nyumbani nikiwa shujaa, kisha maziwa yangegandia mbele ya shujaa.

Mama Wangeci alikuwa ameshafunga kiondo. "Bei ya hiyo betri moja ni ngapi?" akamuuliza yule bwana, na akamaanisha. Hakununua. Nadhani alitaka tu amuache akiwa na kazi ya kufikiria.

Tulipokuwa tunaondoka, fundi mmoja aliyelala chini ya gari pale karakana akatoa kichwa, akasema kama ni ya volti kumi na mbili, upande wa Meru kuna mzee M'Ikiara, alikuwa dereva wa kiwanda cha mbao. Kiwanda kilipofungwa alilipwa kwa vyuma. Winchi yake ni ya kweli. "Lakini huyo mzee," akasema, "haumfanyii mchezo."

Nanyuki hadi Meru

Timau palikuwa na baridi ya kukata masikio. Tulisimama tukala nyama ya kondoo na viazi, na kundi zima la kondoo wengine likapita barabarani polepole, likitutazama kama linatufahamu. Tulichelewa hapo. Mchungaji wao hakuwa na haraka, na mimi sikutaka kumkasirisha mtu yeyote siku ile. Nilikuwa nahifadhi hasira kwa ajili ya bei.

Meru tulifika jua likielekea kuzama, Mama Wangeci akalala kwa dada mmoja wa kanisa lake, mimi nikalala ndani ya gari. Asubuhi tukashuka kwa Mzee M'Ikiara.

Boma lake lilikuwa limezungukwa na mikaratusi mirefu. Mzee alikuwa mrefu vile vile, koti la mvua mwilini ingawa hakukuwa na mvua. Winchi ilikuwa imefunikwa gunia, imepakwa grisi, na karibu yake kuna betri moja. Moja. Nilihesabu mara mbili, na nafsi yangu ikaimba.

Kabla sijaigusa, mke wake alitoka na sinia: ndizi zilizopondwa na maharagwe, mvuke juu, na chai ya maziwa.

Sasa, nina sheria moja ya biashara, nyote mmeisikia: usile kwa muuzaji kabla ya bei. Ukila chakula cha mtu, ulimi unalainika. Nikasema, "Asante mama, tumeshiba."

Mama akasimama na sinia. Mzee akaniangalia.

"Bei ilikuwa elfu nne," akasema. "Sasa ni elfu nne na mia mbili."

"Kwa nini, mzee?"

"Mtu ambaye hawezi kula kwangu, mimi simjui. Mgeni nisiyemjua analipa zaidi."

Nikacheka nikidhani ni utani. Hakucheka. Mama Wangeci alikuwa ameshanawa mikono. "Mzee, msamehe," akasema, akivuta sinia kwake. "Huyu hata kwa harusi yake alikula baada ya kuuliza bei."

"Ni bwana yako?"

"Mungu aniepushe. Mimi niko na pesa, yeye ako na mdomo."

Hapo ndipo mzee alipocheka. Nami nikala. Nikala sahani ya kwanza na bei ikarudi elfu nne. Nikala ya pili bila mtu kuniambia, na kwa haki kabisa, ndizi zile zilikuwa tamu. Nikasifu mpishi. Elfu tatu na mia saba. Sijawahi kupunguziwa bei kwa kutafuna. Nikaona maisha yangu yote nimekuwa nikifanya biashara na tumbo tupu kama mjinga.

Kisha mzee akasema, "Ingiza gari kwa huo mtaro."

"Mtaro upi?"

"Huo wa maji. Ingiza. Hiyo kitu haijaribiwi ukiwa umesimama pazuri."

Tukaifunga mbele ya Landrova kwa boliti zake mwenyewe, akaunganisha nyaya kwenye betri yangu, nami nikaingiza gari langu zima, zuri, kwenye mtaro wa matope, nikiwa na akili zangu timamu. Likazama mpaka ekseli. Mama Wangeci akafumba macho. Mzee akavuta waya mpaka kwenye mkaratusi mmoja mnene, akauzungushia mnyororo, akatundika ndoano, akanipa swichi.

Nikabonyeza.

Jamani. Waya ulikaza ukaimba. Landrova ikatetemeka, ikainua pua, na tope likaiachia kwa sauti ile ya ng'ombe akitoa mguu kinamasini. Ikapanda. Polepole, bila kusukumwa na mtu, bila mtu kupaza sauti, bila tairi kumrushia mtu tope usoni. Nilipiga kelele. Mama Wangeci alipiga kelele. Mke wa mzee, ambaye bila shaka ameiona mara mia, naye akapiga vigelegele.

Mzee akanizimia mota, akanitazama. "Kwenu kuna miti?"

Nikajua mbinu hiyo. Mwenye kuuza akianza kuuliza habari za kwenu, anatafuta pa kupandishia bei. "Miti?" nikasema. "Mukurweini, mzee, ni kijani mpaka macho inauma."

"Naongea miti."

"Miti iko," akasema Mama Wangeci. "Kila mahali."

Mzee akatikisa kichwa kidogo, akaacha. Tukapambana tena mpaka elfu tatu na mia tatu. Hapo mzee alisimama kama ukuta. Mimi nikasema tatu na mia mbili. Yeye akasema basi niongeze mbuzi. Mimi nikasema mbuzi hatuna. Ndipo yule askari mwekundu akawika ndani ya kiondo.

Wote tukatazama kiondo.

"Huyo ni wa Wangeci," akasema Mama Wangeci.

Alitutazama mmoja mmoja, akaitazama Landrova iliyosimama pakavu, matope yakidondoka. Akamfungua jogoo miguu mwenyewe.

Meru hadi Embu

Upande huu wa mlima barabara ni udongo mwekundu na mabonde, shuka mtoni, panda, shuka tena. Wanasema lami inakuja. Kulikuwa na manyunyu, nami nilikuwa naomba yaongezeke. Mtu mwenye winchi mpya anataka kukwama kama mtoto mwenye viatu vya mvua anavyotafuta dimbwi.

Sikukwama mimi. Mbele ya Chuka, mteremko unaofika mtoni, tulikuta pikapu imelala ubavu wa barabara, magurudumu mawili mtaroni, na kwaya nzima ya kanisa ikiisukuma. Sare nyeupe, tope mpaka magotini. Walikuwa wanaenda mashindano ya nyimbo na walikuwa wamechelewa.

"Simameni kando," nikawaambia. Sauti niliyotumia sikuijua ilitoka wapi.

Nikageuza Landrova iwaangalie, nikaifunga nyuma kwa mnyororo kwenye mti mkubwa wa kando ya barabara, mti usio na mwenyewe ila serikali, nikavuta waya mpaka kwenye pikapu. Nikabonyeza. Mota ilipoanza kunguruma, mama mmoja wa sauti ya chini akaifuata, *mmmm*, wengine wakaingia, na pikapu ikatoka mtaroni kwa wimbo. Sijawahi kuona kitu kama hicho. Nilitaka kuirudisha mtaroni tuirudie.

Kiongozi wao alikuja anafuta mikono. "Ni pesa ngapi, ndugu?"

Nikafungua mdomo.

"Ni bure," akasema Mama Wangeci. "Ni ya kikundi."

Niliufunga mdomo. Walitupa mkungu wa ndizi, na mpaka leo nadai nusu yake.

Embu, Wangeci alitupokea mlangoni kwake, akamkumbatia mama yake, akaangalia kiondo, akaangalia ndani.

"Mami, ulisema unaniletea jogoo. Iko wapi?"

Mama Wangeci akaelekeza kidole nje, mbele ya Landrova. "Ile pale. Ile ya chuma."

Tulipewa wali na njahi, yale maharagwe meusi, lakini sahani alizitua kwa kishindo.

Embu hadi nyumbani

Tulipitia Kutus na Karatina, mlima bado mkono wa kulia, umejifunika. Mawingu yalikuwa yamekuja. Tulipofika kwetu matone ya kwanza yalikuwa yanagonga paa.

Kesho yake asubuhi kikundi kizima kilikuwa mpandoni kwa Nderitu, miavuli juu, kuona chombo. Makopo yamejaa, maziwa ya joto. Nilipanda nikijua nitakwama, na nikakwama kwa heshima, katikati kabisa. Nikashuka, nikatoa waya, nikatembea mbele nikitafuta pa kufungia.

Upande wa kushoto, kahawa. Mashina membamba, na kung'oa kahawa ni kesi kwa chifu, hata ukisema umeng'oa na gari. Upande wa kulia, migomba. Niliujaribu mmoja. Nilibonyeza, gari halikusogea hata kidogo, na mgomba ukaja kwangu mzima, mizizi, mkungu na yote, ukisafiri juu ya tope kama mgeni aliyealikwa. Mwenye mgomba alipiga ukunga.

Ndipo nilipoisikia tena sauti ya M'Ikiara: naongea miti. Kijani mpaka macho inauma, ndiyo. Lakini kwetu shamba ni dogo, na kila penye nafasi pamepandwa kitu cha kuuzwa au kuliwa. Mti mmoja tu wa kweli ulikuwa mbele yangu, muringa mzee, mnene, umesimama peke yake. Ulisimama peke yake kwa sababu ni mpaka. Upande huu shamba la Mzee Nderitu, upande ule la Nyambura, mjane wa ndugu yake. Walipogawanyiwa ardhi, mti huo ndio ulioshuhudia.

Nilitazama maziwa. Nilitazama Mama Wangeci. Akatazama pembeni, ishara niliyoielewa. Nikafunga.

Winchi ilivuta kama ilivyovuta Meru. Landrova ikainuka, ikapanda, ikafika juu, na akina mama wakaimba. Maziwa yalifika matamu. Yule wa trekta alionekana sokoni akiuliza kama kuna anayetaka kulimiwa. Kwa hilo, jamani, ushindi ni wangu, na hakuna wa kuninyang'anya.

Lakini muringa uliinama. Ardhi ilikuwa laini, na shina likaegemea upande wa barabara, juu ya mstari wa Nderitu. Si sana. Nilipima kwa hatua, nikapima tena. Siku hiyo hiyo Nderitu akasema mpaka wake umeingiliwa, Nyambura akasema mti ukiinama mpaka hauinami, na tangu hapo wanapita njiani bila salamu. Wazee wameitwa kusikiliza Jumatatu. Mimi ni shahidi, au mshtakiwa. Inategemea nani anaeleza.

Jana Mzee Nderitu alikuja kwangu peke yake, akaketi, akakubali chai. "Baba Muthoni," akasema, "hiyo mashine yako, ukiufunga huo mti kutoka upande ule mwingine, si utarudi kidogo? Hata ukipita kidogo, si neno. Niko na mbuzi."

Alipoondoka, chai yake haijapoa, Nyambura akaingia kwa mlango wa jikoni. "Shemeji yangu alikuwa anataka nini?" Nikasema chai. Akasema, "Mimi nakuomba kitu kidogo. Ukikwama tena, funga pale pale ulipofunga. Pale pale. Maziwa ya jioni nitakuwa nakupatia."

Mbuzi na maziwa ya jioni. Ofa mbili kwa mti mmoja, mimi ambaye maisha yote nimebembeleza wauzaji. Na sithubutu kuikubali hata moja, kwa sababu kila mmoja wao ana nusu ya akina mama wa kikundi nyuma yake. Nikivuta mti huku, nusu ya makopo inaenda kwa trekta.

Mvua yenyewe bado, hii ilikuwa ya kupiga hodi. Mpando ni ule ule, na mti ni ule mmoja. Kwa hivyo nyinyi mnaojua kila kitu mkiwa mmekaa, niambieni kabla ya Jumatatu: nifunge wapi? Na kama kuna mmoja wenu mwenye kipande cha reli ya zamani, au shina lolote nene lisilo na mwenyewe wala ndugu wa mwenyewe, alilete tulizike kando ya barabara. Nitalipa. Na safari hii nitakula kwanza.